Fedha ya choo cha shule imefikia wapi? Namna ya kuifuatilia bajeti ya Jiji la Mbeya

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mjumbe wa kamati ya shule ya msingi, kwenye halmashauri moja ya Nyanda za Juu Kusini ambayo sitaitaja. Wasichana walikuwa wamezidi mia nne, na matundu ya choo upande wao yalikuwa sita. Kiwango cha serikali ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25, kwa hiyo pale yalitakiwa matundu 20 au zaidi. Saa nne ya mapumziko foleni ilianzia mlangoni mwa choo ikaishia kwenye mparachichi wa uani, na kengele ya kurudi darasani ililia wengine hawajaingia.

Fedha ya matundu kumi ilisomwa kwenye bajeti. Tukapiga makofi. Mwaka uliofuata ikasomwa tena, kama mradi mpya kabisa, na tukapiga makofi tena. Mimi ndipo nikaenda kuuliza. Nilichokikuta ni hiki: fedha ilikuwa imeingia wiki ya mwisho ya Juni, makadirio ya vifaa na kazi yalikuwa hayajaandaliwa, mwaka wa fedha ukafungwa, fedha ikarudi. Hakuna aliyeiba hata shilingi. Ila pia hakuna aliyekuwa akiiangalia, na sisi wazazi tukiwamo.

Siku hizi naishi Mbeya mjini na kazi hii ya kufuatilia sijaiacha. Majirani huniuliza naanzia wapi, maana kitabu cha bajeti ya jiji ni kinene na kimejaa namba za kasma, yaani mistari ya matumizi. Jibu langu ni lile lile: usiikague bajeti nzima. Chagua huduma moja ya kata yako, uifuate mwaka mzima, kutoka kwenye karatasi hadi kwenye tofali. Jiji letu lina kata 36 na mitaa 181. Kila mtaa ukiwa na mtu mmoja anayefuata kitu kimoja, hiyo ni miradi 181 yenye macho.

Hatua ya kwanza: jua huduma yako iko kwenye mfuko wa nani

Hapa ndipo watu wengi hupoteza mwaka mzima. Wanakwenda kumgombeza diwani kwa jambo ambalo halimo kabisa kwenye bajeti ya jiji.

Chukua barabara. Mvua ya Machi ikishapita, barabara za mitaa ya Ilemi au Isyesye zinakuwa na mashimo ambayo bajaji inayazunguka kama inacheza ngoma. Ukifungua bajeti ya Halmashauri ya Jiji la Mbeya kutafuta fedha ya kuchonga barabara hizo, huenda usiikute, kwa sababu tangu Julai 2017 barabara za mijini na vijijini ziko chini ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara hizo. Wana bajeti yao na meneja wao, na fedha zao nyingi hutoka Mfuko wa Barabara. Barabara kuu ya kwenda Tunduma, ile inayopanuliwa kuwa njia nne kutoka Nsalaga kwenda Songwe, hiyo ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu, chini ya Wizara ya Ujenzi. Halafu kuna mradi wa TACTIC wa kuboresha miundombinu ya miji 45, unaotokana na mkopo wa Benki ya Dunia, na Mbeya ni mojawapo ya miji 12 ya kundi la kwanza. Kwa hiyo barabara tatu zinazokutana kwenye mzunguko mmoja zinaweza kuwa na wenyewe watatu tofauti.

Maji nayo ni ya Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Mbeya, inayojiendesha kwa bili tunazolipa na miradi ya Wizara ya Maji. Kodi ya jengo unayokatwa unaponunua umeme, Sh 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, inakusanywa kwa ajili ya serikali kuu. Haiingii moja kwa moja kwenye sanduku la jiji kama kodi ya kibanda cha sokoni inavyoingia.

Basi jiji linabaki na nini? Mengi, tena yale ya karibu sana na maisha yetu: shule za msingi na sekondari, zahanati, vituo vya afya, masoko, stendi, machinjio, uzoaji wa taka, upimaji wa viwanja, vibali vya ujenzi, ofisi za kata na mitaa, mikopo ya vikundi. Chagua kimojawapo. Mimi huwashauri wanaoanza wachukue shule au zahanati, kwa sababu zina akaunti zao wenyewe na kamati ambamo wananchi wamo, kwa hiyo njia ya kuifikia taarifa ni fupi.

Hatua ya pili: zipate karatasi

Unahitaji karatasi za aina tatu, na hazikai sehemu moja.

Ya kwanza ni bajeti ya jiji yenyewe, iliyopitishwa na Baraza la Madiwani. Muhtasari wake mara nyingi huwekwa kwenye tovuti ya halmashauri, na diwani wako anayo nakala, kwa sababu haiwezekani apigie kura kitu asichokuwa nacho. Mwombe akuoneshe kurasa za kata yenu tu. Diwani anayeombwa kurasa tatu hutoa. Anayeombwa kitabu kizima hutafuta sababu.

Ya pili ni vitabu vya bajeti ya taifa vinavyotolewa na Wizara ya Fedha. Matumizi ya kawaida ya mikoa na halmashauri zake yako kitabu cha tatu, na miradi ya maendeleo iko kitabu cha nne. Kila mkoa una namba ya fungu. Mkoa wa Mbeya ni Fungu 78. Ndugu zetu wa Iringa ni 73 na Njombe 54. Ukishaijua namba hiyo, kurasa mia kadhaa zinabaki chache tu.

Ya tatu ndiyo muhimu kuliko zote, nayo hudharauliwa kwa sababu haina jalada: taarifa ya mapato na matumizi ya robo mwaka, ile inayobandikwa kwenye mbao za matangazo za ofisi ya mtaa, kata, shule na zahanati. Ipige picha kwa simu siku unapoiona, maana ikinyeshewa au ikifunikwa na tangazo la harambee hutaiona tena. Kama ubao ni mtupu, andika tarehe uliyoukuta mtupu. Hiyo nayo ni taarifa.

Hatua ya tatu: anza na mapato

Wengi hukimbilia matumizi. Mimi naanza na mapato, kwa sababu mradi uliowekewa fedha isiyokusanywa ni maneno tu.

Mapato ya halmashauri yana mifereji miwili mikubwa. Kuna ruzuku ya serikali kuu, ambayo sehemu kubwa yake ni mishahara ya walimu, wauguzi na watumishi wengine; humo pia mna matumizi mengineyo, ambayo maofisa huyaita OC, na fedha za miradi. Halafu kuna mapato ya ndani: ushuru wa huduma kutoka kwenye makampuni, leseni za biashara, ushuru wa masoko na stendi, kodi za vibanda, machinjio, ada za taka, vibali.

Ndani ya mapato ya ndani kuna mstari ambao usipouona utakosea hesabu zote. Baadhi ni mapato lindwa, yaani yana kazi yake maalumu na hayawezi kuhamishwa: fedha anayolipa mgonjwa kituo cha afya inarudi kwenye kituo kile. Yanayobaki ndiyo mapato yasiyolindwa, na hayo ndiyo ambayo madiwani wana uhuru nayo.

Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kifungu cha 37A, inataka asilimia 10 ya mapato hayo iende kwenye mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu. Fanya hesabu hii mwenyewe. Tuseme mapato yasiyolindwa yamekisiwa kuwa Sh bilioni 10. Mikopo inatakiwa kuwa bilioni 1: milioni 400 za wanawake, milioni 400 za vijana, milioni 200 za wenye ulemavu. Sasa angalia kilichokusanywa kweli. Kama kimefika bilioni 7, mikopo inashuka hadi milioni 700, na kikundi cha akina mama wanaouza viazi Uyole walioambiwa wasubiri wana haki ya kuuliza kama hizo milioni 700 zimetoka zote. Mikopo hii ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa 2024, kwa hiyo ukilinganisha miaka uwe makini na kipindi hicho.

Miongozo ya bajeti imekuwa pia ikitaka sehemu ya mapato yasiyolindwa itengwe kwa miradi ya maendeleo: asilimia 60 kwa halmashauri zenye mapato makubwa, 40 kwa zile ndogo. Soma mwongozo wa mwaka unaoukagua, kisha pima kama imetengwa. Ikishatengwa, pima kama imepelekwa. Mara nyingi kutenga kunafikia kiwango bila shida. Kupeleka ndiko kunakolegalega, kwa sababu posho, mafuta ya magari na madeni huwa yamewahi mlangoni.

Jambo jingine la kutazama kwenye mapato ni mikopo ya benki. Soko la Mwanjelwa liliungua mwaka 2006, na jiji likakopa benki ili kujenga jipya. Marejesho ya mkopo wa namna hiyo yanatoka kwenye mapato ya ndani, yale yale ambayo yangejenga vyoo na kumalizia maboma. Ukiona mstari wa marejesho, uulize: imebaki miaka mingapi, na vibanda vilivyojengwa kwa mkopo huo vimepangishwa vingapi?

Hatua ya nne: geuza mabilioni yawe ya mtu mmoja

Sh bilioni moja ni namba ambayo kichwa hakiishiki. Igawe. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 541,603 ndani ya Jiji la Mbeya. Bilioni moja ya uzoaji taka, ukiigawa kwa watu hao, ni kama Sh 1,846 kwa kila mkazi kwa mwaka mzima, yaani Sh 154 kwa mwezi. Ghafla unaelewa kwa nini kontena la taka pale kwenu linakaa wiki mbili, na unaweza kujadili kwa haki: je, tatizo ni uvivu, au fedha iliyopangwa haitoshi hata kununua mafuta ya lori?

Kwa shule hesabu ni nyepesi zaidi. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji ya shule ya msingi ni Sh 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Sh 4,000 hubaki serikali kuu kwa ajili ya vitabu, na Sh 6,000 huenda kwenye akaunti ya shule. Shule yenye wanafunzi 800 basi itapata Sh 4,800,000 kwa mwaka, sawa na Sh 400,000 kwa mwezi. Hizo ndizo za chaki, mitihani, ukarabati mdogo na utawala. Nenda kwenye ubao wa shule, angalia kilichoingia kila mwezi, jumlisha. Kama idadi ya wanafunzi iliyoandikwa ni 800 na fedha inayokuja ni ya 700, tatizo huenda liko kwenye takwimu zilizotumwa, na mwalimu mkuu atakushukuru ukimsaidia kulisukuma. Nimewaona walimu wakuu wanaolipia umeme kwa mfuko wao. Ukienda kwa mkuu wa shule usiende kama askari.

Hatua ya tano: namba nne kwenye daftari moja

Nunua daftari la mistari, kurasa 48 zinatosha. Kwa kila mradi unaoufuata, chora safu nne: kilichokisiwa, kilichopokelewa, kilichotumika, kilichopo. Pembeni acha nafasi ya tarehe.

Mfano. Kuna boma la madarasa mawili lililoinuliwa kwa nguvu za wananchi hadi lenta. Kilichokisiwa: Sh milioni 40 za kumalizia. Kilichopokelewa: milioni 25, tarehe 14 Machi. Kilichotumika: milioni 25. Kilichopo: bati limepigwa, madirisha ya darasa moja yamewekwa, sakafu hakuna. Kwa namba hizi nne una maswali mawili mazuri. Milioni 15 zilizobaki ziko wapi, zitakuja lini? Na je, milioni 25 zilitosha kufanya zaidi ya hiki ninachokiona?

Kwa swali hili la pili unahitaji kipimo. Mwaka 2021/22, serikali ilipojenga madarasa kwa fedha za UVIKO-19, kila darasa lilipewa Sh milioni 20, kutoka msingi hadi kukamilika, pamoja na samani. Bei za saruji na nondo zimebadilika tangu wakati ule, na kusafirisha mchanga kwenda mitaa ya mlimani kama Iganzo kunagharimu zaidi kuliko kuupeleka Iyunga. Lakini unapata pa kuanzia. Muulize fundi wa mtaani, mwoneshe boma, mwambie akupigie hesabu ya kumalizia. Mafundi wetu wanajua bei kuliko karatasi.

Safu ya tarehe usiiruke. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na kufungwa Juni 30. Fedha iliyopokelewa Agosti na kutumika hadi Desemba ni mradi wenye afya. Fedha iliyoingia Juni 20 ni mgonjwa mahututi. Ukishajua kwamba fedha ya mradi wenu huchelewa, kazi yenu wananchi ni kuhakikisha michoro, makadirio na kamati ya ujenzi vipo tayari tangu mapema, ili ikiingia isikute mlango umefungwa. Hilo ndilo lililoua vyoo vya shule yetu, na lingeweza kuzuiwa na mtu mmoja kuuliza mwezi Machi: makadirio yako wapi?

Angalia pia viporo. Mradi unaohamia mwaka mpya unapaswa kuandikwa kama kiporo. Ukiuona umeandikwa kama mpya, kwa jina lililobadilishwa kidogo, pigia mstari mwekundu. Daftari la mwaka jana ndilo shahidi wako.

Kama mradi una mkandarasi au mzabuni, ingia kwenye NeST, mfumo wa manunuzi wa serikali ulioanza kutumika 2023. Zabuni zilizotangazwa na zilizotolewa zinaonekana kwa kila mtu. Andika jina la zabuni na thamani, kisha linganisha na safu yako ya kwanza.

Hatua ya sita: uwepo kwenye kikao kabla ya uamuzi

Kulalamika Julai ni kuchelewa. Bajeti ya mwaka ujao huanza kupikwa miezi minane kabla. Kwa kawaida mwongozo wa taifa hutoka karibu na Novemba. Vipaumbele hukusanywa kwenye mitaa, vinapanda Kamati ya Maendeleo ya Kata, vinaingia kwa wataalamu wa jiji na kuingizwa kwenye PlanRep, mfumo wa kompyuta wa mipango na bajeti, vinapita kamati za kudumu, kisha Baraza la Madiwani linapitisha, mara nyingi Januari au Februari. Baada ya hapo ni Kamati ya Ushauri ya Mkoa, TAMISEMI, na Bunge kuanzia Aprili.

Maana yake ni kwamba mlango wako mpana zaidi uko Oktoba hadi Desemba, kwenye mkutano wa mtaa. Ule mkutano ambao watu hawaendi kwa sababu ni Jumamosi asubuhi, baridi ya Mbeya inauma, na kuna mbolea ya kununua. Nimekaa kwenye mikutano ambapo watu 30 walichagua vipaumbele vya mtaa wa maelfu. Wale 30 walipata walichotaka: eneo la soko dogo. Zahanati ikakosa mtu wa kuitaja.

Ukienda, lete jambo moja lililoandikwa. "Mwenyekiti, naomba mtaa uweke kumalizia wodi ya wazazi kuwa kipaumbele cha kwanza, na iandikwe kwenye muhtasari." Hayo maneno ya mwisho ni ya lazima. Kisicho kwenye muhtasari hakipandi kata. Wiki moja baadaye pita kwa mtendaji wa mtaa ukauone muhtasari kwa macho yako.

Mikutano ya Baraza la Madiwani iko wazi kwa wananchi. Hutaruhusiwa kuchangia, ila utasikia, na kusikia kunafundisha. Kamati ya Fedha na Uongozi hukutana kila mwezi bila watu wa nje. Huko ndiko kuhamisha fedha kutoka kasma moja kwenda nyingine hujadiliwa. Mwambie diwani wako kabla ya kikao: "Mheshimiwa, ile fedha ya wodi yetu ikitajwa kuhamishwa, tunaomba utuambie inakwenda wapi na itarudi lini." Diwani akijua kuna watu wanauliza, naye huuliza.

Hatua ya saba: uliza kwa barua

Maneno ya mdomo husahaulika. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwenye ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Barua yako iwe fupi. Yangu huwa hivi:

Mkurugenzi wa Jiji,
Halmashauri ya Jiji la Mbeya.

YAH: OMBI LA TAARIFA ZA MRADI WA UJENZI WA VYOO, SHULE YA MSINGI (jina la shule)

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mkazi wa mtaa wa (jina), kata ya (jina). Kwa kuzingatia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, naomba kupatiwa taarifa zifuatazo kuhusu mradi uliotajwa kwenye bajeti ya mwaka wa fedha (mwaka): kiasi kilichoidhinishwa; kiasi kilichopokelewa na tarehe ya kupokelewa; kiasi kilichotumika hadi sasa; jina la fundi au mkandarasi; na tarehe ya kukamilika.

Natanguliza shukrani.

Weka jina, saini na namba ya simu. Peleka masijala ukiwa na nakala ya pili, nayo igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Nakala hiyo itunze kama hati ya kiwanja. Siku ya 31 rudi nayo.

Usiandike shutuma kwenye barua ya kwanza. Sababu ya fedha kutoonekana inaweza kuwa kuchelewa, mfumo wa malipo kukwama, mkandarasi kutokabidhi, au kweli wizi. Barua inayouliza kiasi na tarehe humlazimisha mjibuji kuweka namba kwenye karatasi yenye saini, na namba hiyo ndiyo utakayoilinganisha na jengo. Kama majibu na jengo vinapingana waziwazi, hapo sasa kuna TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, simu 113 bila malipo, na unawapelekea ushahidi ulioupanga vizuri.

Hatua ya nane: msubiri mkaguzi

Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hukabidhi ripoti zake kwa Rais mwishoni mwa Machi, na Aprili huwasilishwa bungeni. Kuna ripoti maalumu ya serikali za mitaa. Ipakue, tafuta neno "Mbeya", na uangalie usichanganye Jiji na Halmashauri ya Wilaya ya Mbeya. Ni mamlaka mbili tofauti, na kosa hili nimeliona hata kwenye taarifa za habari.

Usiishie kwenye hati, yaani maoni ya jumla ya mkaguzi. Hati inayoridhisha maana yake vitabu vya hesabu vimeandaliwa kwa usahihi kufuata viwango. Haisemi kwamba zahanati ilipata dawa. Nenda kwenye hoja zenyewe: fedha zilizokusanywa kwa mashine na kutumika kabla ya kufika benki, masurufu (fedha za kazi walizopewa watumishi) yasiyorejeshwa, malipo yasiyo na viambatisho, mikopo ya vikundi isiyolipwa. Kila hoja ina mwaka wake. Hoja iliyokaa miaka mitatu bila kufungwa inakueleza zaidi kuliko hoja mpya kumi.

Karibu na Juni hufanyika kikao maalumu cha Baraza cha kujibu hoja za mkaguzi, na viongozi wa mkoa huwapo. Nenda na daftari lako. Usikilize majibu ya hoja zinazogusa huduma uliyoichagua, andika ahadi na tarehe iliyotajwa.

Kisha Julai 1 fungua ukurasa mpya. Kabla ya kuandika mradi wowote mpya, nakili kwanza juu kabisa viporo vyote vya mwaka uliokwisha, pamoja na kiasi ambacho hakikufika.